Saa Kumi na Nusu Hadi Guangzhou

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam.
11 Februari 2024

Mdogo wangu Hillary,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini uko mzima na kazi zinakwenda. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Beno anakusalimu. Bado anagombana na wabeba mizigo kuanzia asubuhi. Caroline ameingia kidato cha tatu, amenipita urefu, na anavaa viatu vyangu bila kuomba. Duka la mapazia lipo palepale, ila jirani wa kushoto amempisha kijana anayeuza makava ya simu, basi ni muziki kutwa.

Utashangaa kuandikiwa barua zama hizi. Nimechoka na simu. Ukipokea unacheka, na mimi nikisikia unacheka nasahau nilichopigia. Video huwashi, unasema mtandao wa huko mbaya. Kwa hiyo nimempa Hajira wa duka la mabegi, maana anakuja huko kufunga mzigo kila baada ya wiki chache. Nimemwambia akuwekee mkononi na asiondoke bila jibu.

Jambo lenyewe ni hili: nataka uje nyumbani. Pasaka ni tarehe 31 Machi. Kaburi la mama kule Mashati halijajengewa, mwaka wa tatu sasa, na wewe hata udongo hukumtupia. Tena kuna mengine, tutaongea ukifika.

Usiniambie ni mbali. Nilipita ofisi ya tiketi pale Posta nikamuuliza binti wa dirishani.

"Ni mbali," akasema, "kilomita elfu nane na mia saba hivi. Lakini kwa ndege ya moja kwa moja ni saa kumi na nusu, mama."

"Kumi na nusu tu?"

"Ndiyo. Ukibadilisha ndege njiani ndiyo inafika hata ishirini."

Nikatoka nacheka peke yangu barabarani. Basi la Rombo linaondoka hapa alfajiri na kutushusha Mashati giza linaingia. Yaani wewe uko karibu kuliko nyumbani.

Dada yako,
Evelyn


Guangzhou,
9 Machi 2024

Dada Evelyn,

Milele amina, na shikamoo. Barua nimeisomea palepale ghalani, nimesimama, Hajira akinitazama kama askari. Dagaa uliompa Hajira wamefika wakavu, sijawaonjesha watu. Mwambie Caroline kurefuka kusimtie kiburi, hesabu asiache.

Dada, Pasaka haiwezekani. Aprili kuna maonyesho makubwa ya bidhaa, nusu ya Kariakoo inahamia huku, na mimi ndiye mkalimani wao. Nikiondoka mwezi huo nimejifukuzisha kazi mwenyewe. Tuseme Juni.

Binti wa tiketi hakukudanganya, ila hakukwambia yote. Kuna umbali wa kilomita na kuna umbali mwingine. Tuyaache hayo.

Hajira anasema uso wako siku hizi umejaa na chakula unakiangalia tu. Kuna nini? Beno anakusumbua?

Halafu swali dogo. Mama alikuwa anatufanyia nini kifua kikibana, ile ukivuta pumzi inatoka na mluzi? Kuna mtoto wa jirani hapa anasumbuliwa na hali hiyo.

Mdogo wako,
Hillary


Kariakoo,
21 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku mvua imetukalia. Wiki iliyopita maji yaliingia dukani mpaka kwenye rafu ya chini, tukaanika mapazia juu ya paa la Hajira kama nguo za msiba. Beno alianguka akaumia goti, sasa anagomba akiwa amekaa.

Mama alikuwa anatukalisha wima, anatupaka mafuta ya kondoo kifuani na kutuimbia mpaka tutulie. Mafuta hayakuwa dawa, ni ule wimbo. Lakini mwambie huyo jirani yako ampeleke mtoto hospitali apewe dawa ya kuvuta kwa mdomo, asingoje. Na tangu lini wewe ukajali vifua vya watoto wa jirani?

Uso wangu ni chumvi. Halafu nachoka, kwa sababu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nashinda hospitali, kuna mgonjwa wetu. Duka anabaki nalo Beno, na wateja wanamkimbia.

Nimekusikia kuhusu Juni. Nitajie tarehe. Si mwezi, tarehe.

Evelyn


Guangzhou,
8 Juni 2024

Dada, shikamoo.

Juni haiwezekani. Tafadhali usiniulize kwa nini. Nimempa Hajira begi la Caroline na dawa ya kuchua goti la shemeji.

Mgonjwa gani huyo asiye na jina?

Hillary


Kariakoo,
14 Julai 2024

Hillary,

Mgonjwa ni mimi.

Figo zangu zote mbili zimechoka. Niliambiwa mwezi wa kwanza, siku nne baada ya sikukuu ya mwaka mpya. Siku hizo tatu za wiki nalazwa kwenye kiti, damu yangu inatolewa, inapita kwenye mashine, inasafishwa, inarudishwa. Ni muda wa saa nne kila mara. Nikikosa siku mbili tatu navimba mpaka pete haitoki. Ndiyo maana sijafika Mashati mwaka huu. Basi siku moja kwenda, siku moja kurudi, na mashine hainingoji.

Daktari aliniuliza, "Una ndugu wa tumbo moja?"

Nikamwambia, "Ninaye mmoja."

"Yuko wapi?"

"Saa kumi na nusu kwa ndege."

Akasema huyo anatosha, kama damu zetu zitakubaliana na akiwa mzima. Beno walimpima, presha yake haikuruhusu. Akalia hospitalini mbele za watu, Beno huyu unayemjua.

Sikukwambia mapema kwa sababu niliona aibu. Mtu anaombaje kiungo cha mwili kwa karatasi? Nilitaka uje kwanza unione. Nikuombe mbele ya macho yako, na kama ni kukataa, ukatae mbele ya macho yangu. Sasa umenilazimisha kuandika.

Usinipigie. Ukinipigia nitajikaza na kusema sijambo. Niandikie.

Evelyn


Guangzhou,
25 Agosti 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara tano. Hajira amekwisha kufunga mzigo, ananingoja.

Viza yangu ilikwisha mwaka 2019. Mwaka wa tano sasa naishi bila karatasi. Nikiona polisi mbele navuka barabara. Nimepanga chumba kwa jina la mtu mwingine. Siku mama alipofariki nilikuwa na nauli mfukoni na nguo nimefunga. Sikuja kwa sababu nikifika uwanjani wananikamata, wananiweka ndani siku kadhaa, wananirudisha nyumbani na kunifungia mlango kwa miaka. Mitano, wengine hadi kumi.

Utasema, basi si ungerudi tu, huko una nini?

Nina mtoto. Ana miaka minne. Mama yake anaitwa Lin, anafanya kazi kwenye duka la vitambaa, ni mtu mwema. Hatukuweza kufunga ndoa kwa sababu sina karatasi. Mtoto ameandikishwa kwa baba yake Lin, huko mkoani kwao, saa tatu kwa treni. Mimi simo popote. Lakini jina nilimpa mimi, na ananiita baba kwa Kiswahili. Anaitwa Severa.

Mtoto wa jirani mwenye kifua ni huyo. Wimbo wa mama naujua nusu tu, namwimbia hiyo nusu.

Hajira alijua. Nilimwapisha, usimlaumu.

Kwa hiyo, dada, kuja kwako ni saa kumi na nusu. Kurudi kwa mwanangu ni miaka mitano, na atakuwa amenisahau. Ulikuwa unaniuliza tarehe, nami nikawa sina jibu. Hata leo sina. Nipe siku chache nifikiri. Najua wewe huna siku za kugawa.

Hillary


Kariakoo,
15 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Hajira nimemnunia siku nne. Siku ya tano alikuja na supu isiyo na chumvi, akakaa kwenye kiti cha wateja akasema, "Nilikula kiapo, Evelyn. Ulitaka nifanye nini?" Nikanywa supu.

Wewe nimekukasirikia zaidi ya hapo. Si kwa ajili ya figo. Miaka minne kuna Severa mwingine duniani, ana jina la mama yangu, na mimi shangazi yake nauza mapazia sijui. Mama amezikwa hajui. Nilimwambia Beno, akauliza, "Ana miguu kama ya Hillary?" Ndipo tukacheka, na kucheka kukageuka kilio.

Sasa nisikilize. Ningekuwa malaika ningekuandikia baki na mwanao, mimi Mungu atanitunza. Nimejaribu kuandika hivyo. Kalamu imekataa. Mimi nataka kuishi. Caroline hajamaliza shule. Wiki iliyopita mzee mmoja aliyekuwa anakaa kiti cha pembeni yangu, Mzee Bakili, mtu wa Lindi, hakuja Jumatatu. Jumatano kiti wakampa mtu mwingine. Hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo sikwambii uje, na sikwambii usije. Uamuzi huo nimeshindwa kuubeba, naurudisha kwako. Nisamehe.

Nitumie picha yake.

Evelyn


Guangzhou,
20 Oktoba 2024

Dada, shikamoo.

Picha hiyo hapo. Miguu ni yangu, mwambie shemeji.

Kesho Jumatatu asubuhi nakwenda mwenyewe kwa polisi wa uhamiaji. Wenzangu wanasema anayejipeleka wanamhurumia kidogo. Watanihoji, nitalipa faini, nitakaa ndani siku watakazotaka, halafu watanipandisha ndege. Nikihesabu vizuri, katikati ya Novemba niko Dar.

Jana tulimpeleka Severa kwenye bustani, tukampandisha mashua. Nikamwambia baba anakwenda kumsaidia shangazi.

Akauliza, "Ni mbali kuliko kwa babu?"

"Kwa babu ni saa tatu. Kwa shangazi ni mara tatu na ushee."

Akahesabu kwa vidole, akaona ni jambo dogo. Akasema, "Basi utarudi kesho kutwa." Lin akageukia majini. Mimi nikasema ndiyo. Dada, nimemdanganya mtoto kwa hesabu iliyo sahihi.

Lin hajanizuia. Amesema ningekuwa mtu wa kumwacha dada yangu afe, asingenitaka hata yeye. Lakini tangu jana hajazungumza nami tena.

Mwambie daktari ajiandae.

Hillary


Mashati, Rombo,
19 Januari 2025

Dada Evelyn,

Shikamoo. Nisamehe kwa kupanda basi bila kuaga. Uliponituma nikanunue mkate nilipita na barabara mpaka kituoni. Najua mlinitafuta. Barua hii nampa kondakta.

Hapa wote hawajambo, ndizi zimestawi, baridi ni ileile. Kaburi la mama nimelijengea mwenyewe kwa matofali, fundi nikamwomba awe msaidizi wangu. Limepinda kidogo upande wa kichwani.

Kila siku naiona ile skrini ya hospitali. Damu zetu zilikubaliana, mkakumbatiana na Beno korido nzima ikawatazama. Ikabaki kipimo kimoja cha picha, nikalala pale natabasamu kama bwana harusi. Daktari akapitisha kile kifaa ubavuni. Akamwita mwenzake. Nikamuuliza, "Vipi, dokta?" Akafuta mikono kwanza, kisha akasema, "Hillary, figo zako zina vifuko vya maji kama za dada yako. Ni ugonjwa wa kurithi. Zako bado zinafanya kazi, lakini hatuwezi kuchukua hata moja." Akauliza ni mzazi yupi alikuwa anavimba. Tukatazamana mimi na wewe. Miaka yote ile tulisema mama ana presha tu.

Nimeuvuka umbali wote ule, nimemwacha mtoto, nimejifungia mlango kwa miaka mitano, halafu nimekuletea figo zisizofaa. Siwezi kukaa sebuleni kwako nikakuona ukitoka kwenda kwenye mashine huku mimi nakunywa chai. Ndiyo sababu niko huku.

Na kuna hili linaloniamsha alfajiri. Kama mama alitupa sisi, mimi nimempa nani? Lin hajui. Kiswahili hajui, Kichina changu ni cha bei na vipimo vya vitambaa. Nilijaribu kumweleza kwa simu, akaelewa kwamba ninakufa, akaanza kulia. Nikakata.

Hillary


Kariakoo,
16 Februari 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Mkate tuliununua wenyewe.

Umemaliza kujilaumu au bado? Ukimaliza, sikiliza. Hukuniletea figo, umeniletea habari. Kama usingekuja usingepimwa, na ungekuja kujua siku ya kuvimba kama mimi. Sasa daktari anasema ukipima presha, ukipunguza chumvi na ukimwona kila baada ya miezi sita, unaweza kufika uzee. Hilo sikulipanga. Mimi nilikuita kwa ajili yangu. Lakini ndivyo lilivyotokea.

Mimi nimewekwa kwenye orodha ya watu wanaongoja kupelekwa nje kupandikizwa. Mtoto wa baba mkubwa, Eliasi, amejitolea kupimwa. Nimejizuia kutumaini. Caroline naye daktari ameanza kumwangalia presha.

Nimeongea na Hajira na nimeongea na daktari. Viza mimi naweza kupata, sina deni na nchi ya mtu. Nikisafishwa damu Ijumaa asubuhi hapa, nikapanda ndege ya jioni, Jumamosi niko Guangzhou, na Jumatatu naweza kukaa kwenye mashine ya huko. Daktari ameandika barua ya kurasa tatu. Hakufurahi. Alisema, "Mama Caroline, ikichelewa hiyo ndege?" Nikamwambia basi itakuwa imechelewa. Kuna binti wa Kitanzania anayesomea udaktari huko, Joyceline, atakaa katikati yangu na Lin ili kila neno lieleweke.

Beno amegoma kuongea nami tangu jana. Njoo ushike duka. Mapazia ya kamba yanauzwa kwa mita, usiwape watu bei ya jumla kwa sababu wana sura nzuri.

Evelyn


Guangzhou,
27 Aprili 2025, Jumapili

Mdogo wangu Hillary,

Tumsifu Yesu Kristo. Umenipigia mara nne tangu jana, nimeona. Sikupokea kwa sababu mtoto yuko hapa, akisikia sauti yako atalia na mimi sina wa kunisaidia. Hajira anarudi leo, nampa hii. Mimi nitabaki mpaka Jumamosi ijayo.

Ndege haikuchelewa. Nilikaa dirishani na chupa ndogo ya maji niliyoruhusiwa, nikawa nalowanisha midomo tu. Saa ya nane ya safari nilianza kuogopa. Miguu ilijaa, nikavua viatu, nikawaza, nikifia humu hawatajua hata waandike nchi gani. Nikawaza pia kwamba wewe ulikaa kwenye kiti kama hicho, ukielekea upande mwingine, na askari pembeni. Sikuwahi kukuuliza ilikuwaje. Nikirudi utanieleza.

Lin alikuja kunipokea na miavuli miwili ingawa hakukuwa na mvua. Mfupi, ameinua kichwa kama mtu aliyezoea kusemwa. Tumezungumza leo asubuhi, Joyceline akifasiri polepole. Nimemwambia yote: mama, mimi, wewe. Nimemwambia hufi. Nimemwambia mtoto huenda anao na huenda hana, nusu kwa nusu, na kwamba sasa si lazima kumpima ila presha yake iangaliwe kila mwaka. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza maswali saba, ameyaandika kwenye daftari. La mwisho lilikuwa, "Hillary anakula vizuri?" Nimemwambia unakula ugali wa Beno, na Joyceline akashindwa kulifasiri hilo.

Hajakusamehe. Lakini ameuliza kama raia wa huku anapata viza ya Tanzania kwa urahisi, na likizo yake ni Oktoba. Mimi nimekuandikia alichouliza tu, usijenge nyumba juu yake.

Severa jana hakunisalimia. Alijificha nyuma ya mama yake, akasema kitu. Joyceline akaniambia, "Anauliza mbona umekuja wewe na baba hayupo." Nikakaa chini sakafuni kwa sababu miguu ilikuwa imechoka. Baada ya muda akasogea. Alikuwa ameona mkono wangu wa kushoto, pale walipouunganisha mshipa kwa ajili ya mashine, unavyotuna na kutetemeka, na kuvuma ukiusikiliza. Akaweka kidole, akakitoa haraka. Akaweka tena. Kisha akainama akalaza sikio lake pale mpaka nikafikiri amesinzia.

Halafu akaniambia mwenyewe, kwa Kiswahili chako hicho kibovu, "Shangazi, ndani kuna ndege."

Nimemwambia ndiyo.

Dada yako,
Evelyn